Dereva wa Kadi ya Zamani

Mzee aliendesha malori ya masafa marefu kwa miaka thelathini na mmoja. Siku madaktari walipomkata mguu wa kulia kwa sababu ya sukari, swali lake la kwanza alipozinduka halikuhusu mguu. Aliuliza, "Lori kachukua nani?"

Binti yake, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda, alimwambia kwamba lori amepewa mwenzake. Mzee akageukia ukutani, na kwa wiki sita zilizofuata hakufungua mdomo ila kuomba maji.

Huyo binti, kazini kwake walimwita Fundi, na jina likamganda. Alikuwa kwenye kiwanda kidogo cha kuchapa vitabu vya shule na kalenda, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kompyuta zinazoendesha mitambo hazigomi. Hakusomea. Aliajiriwa kufagia vipande vya karatasi chini ya mashine ya kukatia, akaanza kuchungulia, akauliza, akasoma, na baada ya miaka saba mwenye kiwanda hakuthubutu kumpa likizo ya siku mbili mfululizo. Kompyuta zote za pale zilitumia Linux, mfumo wa bure unaoandikwa na watu wengi duniani, ambao yeyote anaweza kuufungua akaona ulivyoshonwa kwa ndani. Hilo la kufungua kwa ndani ndilo lililomteka Fundi.

Mdogo wake wa kiume walimwita Profesa tangu akiwa darasa la tatu, kwa kuwa alivaa miwani na alikuwa na jibu la kila swali, hata lile ambalo hakulielewa. Yeye ndiye aliyesomeshwa. Alimaliza chuo na shahada ya kompyuta, akarudi nyumbani na Kiingereza kinachomwagika kama bomba lililopasuka, na kwa miaka miwili akawa anatuma maombi ya kazi huku akimweleza dada yake jinsi kampuni kubwa zinavyofikiri.

Basi Fundi, alipoona baba yake anazidi kukauka kitandani, alileta nyumbani kompyuta kuukuu ambayo kiwanda kilitaka kuitupa. Akaitafutia kadi ya picha iliyokwishatumika, ile sehemu inayochora kila kitu kinachoonekana kwenye kioo. Akaleta usukani wa gemu, akaufunga kwenye meza kwa skrubu nne. Kwa kuwa mzee hakuwa na mguu wa kukanyagia mafuta, Fundi alichukua kanyagio la cherehani ya umeme, akaligeuza kuwa wenzo wa mkono, akaliandikia programu yake mwenyewe ili kompyuta ilielewe. Programu hiyo ilifanya kazi kwenye Linux tu, na hapo ndipo mambo yote yalipoanzia.

Gemu lenyewe lilikuwa la kuendesha malori. Mzee aliliangalia kwa dharau asubuhi ya kwanza.

"Hii midoli."

"Jaribu tu, Baba. Kona moja."

Akajaribu kona moja. Kisha akajaribu mlima. Mchana Fundi alipopiga simu kutoka kazini, mzee alimjibu kwa hasira: "Nipo kwenye mteremko na tela lina mzigo, unanipigia simu ya nini?" Akakata. Fundi aliweka simu mezani, akaenda nyuma ya marobota ya karatasi, akalia mpaka kamasi zikamtoka.

Wakaishi hivyo karibu mwaka mzima. Kisha gemu likaja na toleo jipya. Milima, kokoto na matope sasa vilichorwa kwa mbinu mpya, ambapo kadi yenyewe hukata ardhi vipande vidogovidogo na kuvichora kwa mkupuo. Kadi ya mzee ilikuwa na uwezo huo. Ulikuwa umeandikwa hadi kwenye boksi lake. Lakini kwenye Linux, lori likawa linaelea katika giza tupu.

"Mama, njoo uone," mzee alimwita binti yake. "Barabara imeliwa."

Fundi alihangaika siku tatu akapata jibu. "Kadi inajua kuchora, Baba. Tatizo ni draiva yake, programu inayopeleka amri kwenye kadi. Kwenye Linux haijafundishwa hiyo mbinu."

"Kumbe hata kadi ina dereva?"

"Inayo."

"Na hajui njia?"

"Hajui."

"Basi mfukuzeni mlete anayejua," mzee alisema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Kwa ajili ya kicheko kile Fundi alijitia kwenye kazi ambayo mtu mwenye akili timamu angeikimbia.

Draiva ilikuwa ya wazi, yeyote angeweza kuisoma. Iliangaliwa zaidi na wahandisi wa kampuni iliyotengeneza kadi, ambao kwa miaka miwili walikuwa wakiwajibu wanaolalamika kwamba jambo hilo "limo kwenye mipango". Fundi hakungoja mipango. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akafanya kazi hadi saa moja, akaenda kiwandani. Mchana wenzake walipokwenda kula, alibaki na karatasi zilizoharibika, akichora kwa nyuma yake jinsi amri zinavyopita kutoka gemu hadi kadi. Mara nyingine kompyuta iliganda mara thelathini kwa asubuhi moja. Mara nyingine ilichora mlima juu chini, na mzee akapiga kelele kwamba amepindua mzigo. Miezi kumi na minne ilipita. Siku moja ya Jumapili, baada ya chakula, barabara ikatokea. Ilikuwa ya vumbi, imejaa mashimo, na mzee aliitazama kana kwamba ameletewa mtoto mchanga.

"Hiyo ndiyo barabara," alisema.

Profesa alikuwa amesimama mlangoni. "Dada, hii usiifiche humu ndani. Ipeleke kwenye mradi wa draiva, itumike dunia nzima."

Fundi alisita. Kuandika msimbo, yale maagizo ya programu, aliweza, lakini kupokea kazi ya mtu kule huendana na mabishano marefu ya Kiingereza, maswali hamsini, watu wanaokuuliza kwa nini umeweka nukta hapa. Kiingereza chake kilikuwa cha kusoma, hakikuwa cha kubishana.

"Niachie mimi," Profesa alisema. "Akaunti ninayo. Nitaituma, wakiuliza utaniambia jibu kwa lugha yetu, mimi nitalipamba."

Wakafanya hivyo. Kwa miezi miwili Fundi alijibu, Profesa akapamba. Hatimaye kiraka, ndivyo wanavyoita kule badiliko la msimbo, kikapokelewa, na watu wenye kadi kama ile, kila pembe ya dunia, wakaandika kushukuru. Wote walimshukuru Profesa. Jina lililokuwa juu ya kila mstari lilikuwa lake.

Fundi alimwonyesha kwenye kioo cha simu. "Hili jina?"

Profesa alijigonga paji la uso. "Yaani nimesahau kubadilisha! Akaunti inaweka yenyewe. Tutarekebisha, Dada, usijali."

Hakurekebisha. Fundi alikumbusha mara mbili. Mara ya tatu aliona haya, kana kwamba yeye ndiye anayeomba kisicho chake.

Kisha kampuni ile ya kadi ikamwandikia Profesa. Ilikuwa imeipenda kazi yake na ilitaka kumsaili. Siku hiyo mzee alisahau hata lori. Aliita majirani, akawasimulia jinsi kijana alivyomrudishia barabara baba yake asiye na mguu, na sasa wakubwa wamemwona. Profesa alikuwa amekaa palepale, anatabasamu, anasafisha miwani. Fundi alikuwa anagawa vikombe.

Baadaye Profesa alimfuata jikoni. "Dada yangu, usaili ni baada ya wiki mbili. Watauliza ndani kabisa. Nielekeze kidogo."

"Nikuelekeze nini?"

"Ile sehemu ya kati. Na ile ya kumbukumbu ya kadi. Na, yaani... yote."

Fundi aliifuta sufuria iliyokuwa imeshakauka. "Uwaambie ni yangu."

"Nitawaambia nikishaingia. Nikiwaambia sasa tutakosa wote wawili. Nikishakaa vizuri nakuvuta na wewe. Naapa kwa jina la marehemu Mama."

Alipomtaja marehemu mama yao, Fundi akalegea. Kwa wiki mbili alitumia saa zake za chakula kumfundisha mdogo wake kuiba vizuri. Alimchorea nyuma ya karatasi za kalenda, akamuuliza maswali, akamrekebisha, na pale Profesa alipojibu sawasawa, Mungu amsamehe, alijisikia fahari.

Profesa akapata kazi, akaenda mji wa mbali. Neno la kumvuta dada yake hakulitamka tena. Alichokuwa anatuma ni maswali. "Dada, kaswali kadogo," ndivyo ujumbe ulivyoanza, mara moja kwa wiki, kisha mara tatu. Na Fundi, kwa sababu alipenda ile kazi kuliko alivyomchukia mwizi wake, alijibu.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Asubuhi moja kiwandani, wakati mashine zinapasha moto, Fundi alifungua ukurasa wa draiva kama ilivyokuwa kawaida yake, akakuta tangazo. Kizazi kile cha kadi kimezeeka. Kampuni haitakihudumia tena kwenye Linux. Msimbo wake, pamoja na ile mbinu ya kuchora ardhi, utaondolewa katika toleo lijalo ili kupunguza mzigo wa matunzo. Aliyeandika tangazo, na aliyetuma kiraka cha kufuta mistari yote elfu nne na mia mbili, alikuwa Profesa.

Fundi aliisoma ile mistari kwenye kioo, yote imepakwa rangi nyekundu ya kufutwa, mmoja baada ya mwingine. Mwingine aliuandika siku ana homa. Mwingine ulimchukua wiki tatu.

Kwa mara ya kwanza akafungua akaunti yenye jina lake. Akaandika kwa Kiingereza chake kilichonyooka kama rula: kadi hizi bado ziko kwenye nyumba za watu, msimbo hauna tatizo, mimi nitautunza. Baada ya saa moja akajibiwa. "Asante kwa maoni yako. Tunathamini sana mchango wa watumiaji wetu. Kwa bahati mbaya uamuzi huu ni wa mwisho. Tunakushauri ununue kadi mpya." Chini yake lilikuwa jina la ndugu yake, tumbo moja.

Akampigia simu palepale.

"Tunathamini mchango wa watumiaji wetu?" Fundi alisema.

"Dada, hayo ni maneno ya ofisi. Kila mtu anaandikiwa hayohayo. Na uamuzi si wangu, umetoka juu. Mimi nimepewa tu kuandika."

"Na jina umeweka."

"Jina nimeweka, ndiyo. Si ndiyo utaratibu?"

"Kuweka jina unajua."

Profesa akalainisha sauti. "Umekasirika. Nitamtumia Mzee kadi mpya."

Toleo jipya la draiva lilipotoka, Fundi alibaki na lile la zamani kwenye kompyuta ya baba yake. Lakini gemu nalo likabadilika, likadai draiva mpya, na barabara ikaliwa kwa mara ya pili. Alichofanya Fundi ni kuchukua msimbo wake uliofutwa, akaushona upya kwenye draiva mpya, akauweka hadharani kwa jina lake ili wengine wenye kadi ile wautumie. Alingoja shukrani kwa hamu ambayo hata kuikiri alikuwa anaona aibu. Siku ya nne mtu asiyemjua aliandika: "Hii ni kazi ya yule mhandisi wa kampuni. Nimelinganisha mstari kwa mstari. Si uungwana kufuta jina la mwenyewe ukaweka lako." Watu kumi na wawili walimuunga mkono huyo msemaji. Mmoja alimwita mwizi.

Fundi aliandika jibu, akalifuta. Akaandika jingine. Ushahidi alikuwa nao wapi? Michoro yake yote ilikuwa nyuma ya karatasi zilizoharibika, na karatasi zilizoharibika kila Ijumaa zilikwenda kusagwa.

Ile kadi mpya ikafika, ndani ya boksi linalong'aa. Mzee alilipakata mapajani kutwa nzima, akawa anamwonyesha kila aliyeingia: mtu wa maji, muuguzi anayekuja kumpima sukari, jirani. "Kijana wangu," alisema. "Mbali kote huko, hajanisahau."

Fundi alijaribu kuipachika. Kadi ilikuwa ndefu kuliko kasha la kompyuta, na ilitaka umeme mara mbili ya ule uliokuwepo. Profesa, mhandisi wa kadi, hakuwa ameuliza hata baba yake anatumia kompyuta gani.

"Haiingii," Fundi alisema.

"Mpigie akuelekeze," mzee alisema. "Yeye ndiye anayezijua hizi. Si ndiye aliyetengeneza ile barabara?"

Fundi aliweka bisibisi chini. Alipiga magoti mbele ya kiti cha baba yake. "Baba, ile barabara niliitengeneza mimi. Yote. Yeye alituma tu. Kazi aliyonayo kaipata kwa kazi yangu, na kazi hiyohiyo ameifuta kwa mkono wake."

Mzee hakushtuka, na hilo ndilo lililomuumiza Fundi kabla hajasikia neno lolote. Alikuwa anapitisha kidole kwenye ukingo wa boksi.

"Najua, mama," alisema.

"Unajua?"

"Chumba changu na chako vimetenganishwa na mbao. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nasikia unavyogonga vile vitufe alfajiri. Yeye alikuwa anakoroma."

"Na majirani uliwaambia nini? Miaka yote hii umekuwa unasema nini, mbele yangu?"

Mzee aliinua macho. Yalikuwa yamelowa, lakini sauti haikutetereka. "Wewe upo. Nikikukosea, kesho utaniletea chai, utakasirika, utanifunga kidonda. Yule nikimkosea mara moja tu, simpati tena. Nilihesabu hivyo."

"Kwa hiyo nimelipishwa kwa kuwa nipo."

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyohivyo, Baba."

Fundi akainuka, akachukua bisibisi, akafungua kasha. Kiwandani alipata kasha jingine lililotobolewa ubavuni, akapata na kifaa cha umeme chenye nguvu zaidi. Jumapili ya pili kadi mpya ikawaka. Barabara ilirudi nzuri kuliko mwanzo, na madimbwi yake yalionyesha mawingu. Mzee aliendesha. Fundi alikuwa chini ya meza anafunga nyaya.

Simu ya mzee ikalia. Alikuwa Profesa, na mzee akaiweka kwenye spika kwa kuwa mikono ilikuwa kwenye usukani na wenzo.

"Mzee, kadi inafanya kazi?"

"Inafanya. Ahsante, baba."

"Safi sana. Dada yupo hapo? Nina kaswali kadogo. Nimebanwa na kitu hapa, kesho asubuhi natakiwa kukieleza mbele ya watu, ni kwenye ile sehemu ya kumbukumbu. Yeye anaifahamu."

Mzee alisimamisha lori pembeni ya barabara. Akamtazama binti yake chini ya meza.

Jibu Fundi alikuwa nalo. Alilijua hata kabla swali halijamalizika, kwa sababu sehemu ile ya kumbukumbu ilikuwa ya kwake, aliijua kama mtu anavyojua ngazi za kwao gizani. Ulimi ulimwasha. "Mwambie sijui," alisema.

"Mama..."

"Mwambie sijui, Baba. Mimi nilikuwa mfagiaji."

Mzee akageukia simu. "Anasema hajui."

"Hajui?" Kicheko kidogo kilisikika upande wa pili, kikakatika. "Dada? Dada, unanisikia?"

"Hajui," mzee alirudia, na akakata simu mwenyewe.

Kama unategemea kusikia kwamba Profesa aliumbuka, hakuumbuka. Kesho yake alisema anaumwa, na keshokutwa wenzake wakawa wamelitatua. Haukupita mwaka akapandishwa cheo, akawa msimamizi wa wanaoandika msimbo, kazi ambayo haimtaki mtu kuandika msimbo. Mzee aliwatangazia majirani, safari hii kwa sauti ya chini. Fundi aliondoa kila alichokuwa ameweka hadharani, akafunga akaunti. Watu wenye kadi ya zamani walilalamika wiki mbili, kisha wakanyamaza. Wengine walinunua mpya, wengine waliacha gemu.

Juzi pale kiwandani, mpanga kurasa mpya alikuja na kompyuta yake ya mkononi, anatumia Linux, amefurahi nayo. Gemu analolipenda linaonyesha watu na magari lakini ardhi haionekani. Akauliza kama kuna anayejua tatizo ni nini. Fundi aliangalia kile kioo mara moja, akajua.

"Uliza mtandaoni," alisema, akarudi kufuta vumbi kwenye feni ya mashine.